Ureno niliyoijua Kilwa na Ureno niliyoikuta Lisbon

Mtu aliyekulia Kilwa Masoko hahitaji kuambiwa Wareno ni nani. Ukipanda mashua pale gatini kwenda Kisiwani, jengo linalokupokea ni Gereza, limesimama ufukweni na kuta zake zilizoliwa na chumvi. Hilo unaloliona leo sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, lakini ngome ya kwanza pale aliijenga Francisco de Almeida mwaka 1505, baada ya kuuvamia mji na kumng'oa mtawala wake. Shuleni tulifundishwa kwa ufupi: walikuja na mizinga, wakapora, wakaondoka. Mtihani ukija unaandika "walipora" na alama zako unapata.

Kwa hiyo nilipopata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili ya mambo ya uvuvi huko Lisbon, Septemba 2022, baba mdogo alinitania mbele ya watu barazani: "Nenda kawaulize ile dhahabu waliiweka wapi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Sikujua kuwa swali lile lina jibu, na kwamba jibu lenyewe lina jina la mtaa.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane katika mtaa wa Graça, juu kilimani, ghorofa ya tatu isiyo na lifti. Euro 400 kwa mwezi, dirisha moja, na ukuta wenye ukungu mweusi ambao niliusugua kwa jiki majira yote ya baridi. Wanaokwenda huko wanaambiwa Ureno ni nchi ya jua, na kweli nje jua lipo. Baridi iko ndani. Nyumba nyingi za zamani hazina mfumo wa kupasha joto, kwa hiyo Januari unavaa koti ukiwa unakula chakula chako mwenyewe mezani kwako. Wanafunzi wenzangu kutoka Ujerumani walilalamika kuliko mimi.

Jioni ya kwanza bibi alinipokea na shuka mikononi. Yeye hakujua Kiingereza, mimi sikujua Kireno. Akainua kitambaa cha kuvalisha mto, akasema "fronha". Nikamjibu "foronya". Akanitazama. Akanivuta jikoni, akagonga meza: "mesa". Meza. Akainua bilauri: "copo". Kopo. Usiku ule ule tukamaliza "bandeira", "lenço" na "ananás", yaani bendera, leso na nanasi, tunacheka kama watoto wa chekechea. Neno moja nililitaja mimi, gereza, naye hakulitambua. Baadaye nikasoma kuwa linatokana na "igreja", kanisa. Wao walijenga mahali pa kusalia ndani ya ngome, sisi tukaona kuta nene na mlango wa kufungwa, tukalichukua jina hilo kwa ajili ya mahali pa kufungia watu. Bibi hakosi misa ya Jumapili, kwa hiyo maelezo hayo nilibaki nayo.

Kilichonishangaza zaidi ni maneno ambayo hawakutupa wala hatukuwapa, bali sote tuliyachota kisima kimoja. Waislamu waliingia rasi ile ya Ureno na Uhispania mwaka 711, na kusini mwa Ureno hawakuondolewa hadi 1249. Wakaacha lugha. Mkoa wa kusini unaitwa Algarve, nalo ni neno la Kiarabu lenye asili moja na magharibi yetu. Sukari ni "açúcar". Mafuta ya zeituni ni "azeite". Na bibi yangu huyo Mkatoliki, kila akitaja jambo analolitamani, mvua au mjukuu wake kuja Krismasi, husema "oxalá", neno la asili ya Kiarabu, ndugu wa inshallah. Kwa upande wa pili kuna neno walilolibeba kutoka Afrika: pilipili. Wao husema "piri-piri", na wanaipaka kuku wa kuchoma kwa fahari kana kwamba ni uvumbuzi wa Lisbon.

Lugha pia ndiyo iliyonitia aibu ya kwanza. Nilikuwa nimejifunza kwenye programu ya simu, Kireno cha Brazili, nikawa namwambia kila mtu "você". Mwezi mzima bibi alikuwa akinijibu kwa ukavu fulani, sijui kosa langu. Mwanafunzi mmoja wa pale ndiye aliyenivuta pembeni: kwa mtu mzima wa Ureno "você" inakwaruza masikio, karibu sawa na kumwambia mama mkwe "we". Unatakiwa useme "a senhora", na unazungumza na aliye mbele yako kana kwamba unamsimulia mtu mwingine: "Bibi anataka kahawa?" Nilipobadilika, siku ya pili yake nikakuta supu ya kabichi imewekwa juu ya meza, imefunikwa sahani. Hawa nao wana shikamoo yao, imefichwa kwenye sarufi.

Kuhusu samaki niseme kidogo, maana ndicho kilichonipeleka. Nchi ina pwani ndefu, ina dagaa wakubwa wazuri wa kuchoma mwezi Juni mpaka mitaa yote inanuka moshi, lakini samaki wanayemwabudu ni chewa mkavu wa chumvi, "bacalhau", ambaye haishi katika maji yao. Kwa karne nyingi walimfuata mbali kule Newfoundland. Siku hizi wananunua kwa wingi kutoka Norwei. Nilimuuliza mwalimu mmoja sababu, akasema kwaresima ilikuwa ndefu na majokofu hayakuwepo. Pweza nao wanawapenda. Mama yangu huvua pweza kwa kijiti juu ya miamba maji yakitoka, na nilipomwambia bei ya sahani moja ya pweza mkahawani Lisbon, alinyamaza kwenye simu kiasi nikadhani mtandao umekatika.

Sasa uchumi, ambao nilijifunza kwa kuhesabu senti kabla ya kuusoma. Nilipofika nilidhani Ulaya ni Ulaya. Mwaka 2023 mshahara wa kima cha chini ulikuwa euro 760 kwa mwezi, na 2024 ukapanda kuwa 820. Hulipwa mara 14 kwa mwaka, maana kuna mmoja wa likizo na mmoja wa Krismasi, lakini hata hivyo, piga hesabu na kodi ya chumba changu. Vijana niliosoma nao, wenye digrii nzuri, walikuwa bado wanalala kwa wazazi wao wakiwa na miaka 28, 30. Watalii wamejaa, nyumba za katikati ya mji zimegeuzwa za kulaza wageni, wenyeji wanasukumwa nje. Mwaka 2011 nchi ilishindwa kujikopea, ikaokolewa kwa mkopo wa euro bilioni 78 wenye masharti ya kubana matumizi, na watu bado wanazungumzia miaka ile kama sisi tunavyozungumzia foleni za miaka ya themanini. Barabara nzuri zipo, nyingi zimejengwa baada ya nchi kuingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986.

Kuna zao moja lililoniteka. Juni 2023 mpwa wa bibi alinichukua Alentejo, kusini mwa mto Tejo, kuangalia watu wakivuna magamba ya mti wa vizibo. Karibu nusu ya gome hilo la vizibo la dunia nzima inatoka nchi hiyo ndogo. Fundi anapiga shoka kwenye gome, anasikiliza mlio, anapiga tena, kisha analibandua lote kama unavyovua kanzu, bila kuujeruhi mti. Shina linabaki jekundu la kutisha. Halafu wanaandika tarakimu ya mwaka kwa rangi nyeupe, siku ile waliandika 3, kwa sababu sheria inakataza kuugusa mti tena kabla ya miaka 9. Mti mchanga husubiriwa miaka 25 hivi kwa mavuno ya kwanza, na gome la kutengenezea kizibo kizuri cha chupa huja kwenye mavuno ya tatu. Jumlisha mwenyewe. Mpwa huyo alikuwa anavuna miti iliyopandwa na mtu asiyemjua. Kwetu mkorosho ukichelewa miaka mitano watu wanalalamika.

Na hapo kwenye korosho nikakwama. Usiku ule, nikiwa nimelala shambani, nilikumbuka kuwa ada yangu ya sekondari ililipwa kwa korosho. Mkorosho asili yake ni Brazili, ni meli za Wareno zilizouleta pwani yetu. Mihogo nayo, nanasi nalo, asili yake Amerika. Hilo kwenye mtihani hatukuandika. Sisemi limefuta lile la mizinga. Nasema tu kwamba nililala vibaya.

Bibi mwenye nyumba ndiye aliyenibomolea picha ya Ureno tajiri. Alizaliwa kijijini kaskazini, akaacha shule darasa la tatu, chini ya utawala wa Salazar. Salazar alikuwa waziri mkuu tangu 1932 hadi ugonjwa ulipomwangusha 1968, mtu wa kubana: bajeti imebanwa, magazeti yamebanwa, polisi wa siri kila kona. Mwaka 1969 bibi alivuka milima ya Pirenei usiku na mumewe, bila pasi, wakimlipa mtu wa kuwaongoza. Safari za namna hiyo walikuwa wanaziita "a salto", yaani kwa kuruka. Miaka 20 alikuwa msimamizi wa jengo la wenye fedha Paris, akifagia ngazi na kutoa takataka, na mumewe akichanganya zege. Kwa fedha hizo ndipo wakanunua nyumba niliyopanga. Siku aliyonisimulia hayo alikuwa anamenya viazi, hakuinua macho. Nilikuwa nimekwenda kuwatafuta watu wa Vasco da Gama, nikamkuta mama aliyewahi kuvushwa mpaka kwa magendo.

Naye Vasco da Gama huko haepukiki. Daraja lake, refu la kilomita 17 pamoja na njia zake za kuingilia, lilifunguliwa 1998, miaka 500 tangu safari yake. Kuna jumba la maduka lenye jina lake, ambako nilinunua soksi. Kaburi lake liko katika monasteri ya Jerónimos pale Belém, jengo ambalo jiwe lake linafumwa kama ukili, lilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa sehemu ya kodi ya biashara ya viungo na mali za Afrika na Asia. Nilisimama mbele ya kaburi, watalii wanapiga picha, nikajikuta sina la kusema. Nilitegemea hasira, nikapata njaa tu. Nikatoka nikala keki za mayai mlango wa jirani.

Kwenye fado, nyimbo zao za huzuni, sikuingia kwa urahisi. Mara ya kwanza tulipelekwa mahali pa watalii, chakula ghali na sauti kubwa. Mara ya pili bibi alinipeleka klabu ndogo ya mtaani, taa zikapunguzwa, mama mmoja aliyekuwa anatoa oda za bia akavaa shali nyeusi, akafumba macho, akaimba. Nilikuwa nimezoea taarabu, ambako ukiguswa unainuka na noti yako unakwenda kumtunza mwimbaji. Nikashika kiti kuinuka. Bibi akanibana mkono. Kule hata uma usilie kwenye sahani, unaumia umekaa.

Mapinduzi yao ndiyo yaliyonichekesha kabla hayajanitoa machozi. Wanayaita "Revolução dos Cravos". Kamusi yangu ilisema "cravo" ni karafuu, nikajua basi, hawa nao walikuwa na jambo lao kama la Unguja. Kumbe neno ni moja kwa karafuu na kwa ua fulani jekundu lenye petali zilizokunjamana. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa vijana wa jeshi waliuangusha utawala ule, ambao baada ya Salazar uliongozwa na Marcelo Caetano. Askari mmoja alimwomba mfanyakazi wa mgahawa, Celeste Caeiro, sigara. Hakuwa nayo, alikuwa amebeba maua, akampa ua moja, askari akalichomeka kwenye mtutu wa bunduki. Wengine wakafuata. Polisi wa siri waliua watu 4 kwa risasi siku hiyo. Caetano alisalimu amri kwenye kambi ya uwanja wa Carmo, pembeni kabisa ya kanisa lisilo na paa. Paa hilo liliangushwa na tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, Siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa misani na mishumaa inawaka. Kilichosalimika na mtikisiko kiliungua, na bahari ikaja juu yake. Walipajenga upya katikati ya jiji, kanisa wakaliacha wazi. Ukikaa pale na kahawa yako unakuwa na maanguko mawili kwenye uwanja mmoja.

Lakini kwa nini wanajeshi waasi? Jibu nililipata ghorofa ya chini. Mzee wa pale alikuwa ananisalimia kwa kichwa tu, mpaka siku aliposikia ninatoka Tanzania. Akashusha mfuko wake wa mkate. "Ng'ambo ya Rovuma," akasema. Alichukuliwa jeshini akiwa na miaka 20, akapelekwa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, kupigana na FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji. Sisi tunajua upande wa pili wa habari hiyo: makao Dar es Salaam, mafunzo Nachingwea, kiongozi wao Eduardo Mondlane kuuawa kwa bomu la kifurushi Dar tarehe 3 Februari 1969. Yeye alijua usiku, mabomu ya ardhini, na redio kutoka Dar waliyokuwa wanaisikiliza kwa siri kwa sababu wakubwa wao walikuwa wanawadanganya. Kaka yake alikimbilia Ufaransa asiende vitani. Mama yao akabaki hana mtoto hata mmoja nyumbani. Vita vilipiganwa Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji kwa zaidi ya miaka 10, na maofisa waliochoka kuvipigana ndio waliopindua serikali. Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mzee aliniuliza swali moja tu: kama Nachingwea ni mji mkubwa. Nikamwambia si mkubwa sana. Akatikisa kichwa, kwa maana walikuwa wakiutaja kama vile ni Moscow. Kisha akasema neno alilolikumbuka, "machamba". Wareno waliorudi kutoka Msumbiji bado wanalitumia. Shamba letu.

Aprili 25, 2024 yalitimia miaka 50. Nilishuka na bibi hadi Avenida da Liberdade, watu wamefurika hadi huwezi kuona lami. Alininunulia ua. Mzee wa chini hakuja, alisema magoti. Nilipopita mlangoni kwake jioni nilikuta ua limechomekwa kwenye kitasa, sikuuliza nani.

Dhahabu niliiona miezi miwili kabla ya kurudi. Nilikuwa nimesoma habari yake maktabani, kwa bahati, nikitafuta kitu kingine. Julai 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na kikosi cha meli, akamtishia mtawala wetu Ibrahim kuuchoma mji asipolipa kodi. Ibrahim akalipa mithkali 1,500, kipimo cha kale cha dhahabu. Nikiri hapa kwamba dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, ikapitia Sofala, nasi tulikuwa madalali wenye nguvu. Mfalme Manuel I aliamuru itengenezwe chombo cha kuwekea hostia, ule mkate mtakatifu wa misa, na sonara Gil Vicente akakimaliza mwaka 1506. Kiko Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes, maana yake Madirisha ya Kijani. Nilimpigia baba mdogo nikampa anwani. Akadhani namtania.

Bibi aliomba kwenda nami. Ameishi Lisbon miaka zaidi ya 30 na hakuwahi kuingia. Alivaa hereni. Chombo kiko ndani ya kioo, kimetiwa rangi za enameli, mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka katikati. Ni kizuri. Ningependa kukuambia kinatisha au kinachukiza, lakini ni kizuri, na wamekitunza. Kwenye kitako kuna maandishi yanayozunguka, kwa herufi za zamani zinazonishinda. Bibi akavaa miwani, akainama, akazunguka pole pole huku anasoma kwa sauti, kwa shida, yeye wa darasa la tatu: kwamba mfalme aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya... Akasimama. Akalisoma jina tena. Akanigeukia.

"Ni kwenu?"

"Kwetu."

Hakusema neno mpaka tulipofika bustani ya makumbusho, mahali pa kahawa, mto unaonekana chini na meli zinapita. Akaagiza kahawa mbili na keki mbili. Nilipoingiza mkono mfukoni akanipiga kofi dogo la mkononi, akatoa pochi yake mwenyewe, akahesabu sarafu moja moja juu ya meza.

"Leo kijana halipi," akasema.

Nikamwambia sawa, tutazipunguza kwenye zile 1,500.